Kuongezea data mwishoni mwa faili kwenye App Inventor bila app kuwa nzito

Kama umewahi kutengeneza app ya kurekodi vitu kwa App Inventor (ile ya kutengeneza app za simu kwa kuunganisha bloku badala ya kuandika kodi), iwe mauzo ya duka, mayai ya kuku au mita za maji, hiki kitu utakuwa umekiona: wiki ya kwanza app iko fasta, wiki ya tatu ukibonyeza Hifadhi inasitasita kidogo, mwezi wa pili inaganda kabisa mpaka simu inakuuliza usubiri au uifunge. Watu wanasema simu imechoka, wanafuta picha, wanafuta video za kwenye magrupu, wapi, bado inaganda. Mara nyingi simu haina kosa. Kosa liko kwenye bloku tatu nne zilizopangwa kiasi kwamba kila mstari mpya unaolazimika kuingia unafanya data yote ya zamani isomwe na kuandikwa upya, na data ikishakuwa nyingi hakuna simu itakayovumilia.

Mimi hili nimelijua kwa app niliyomtengenezea mama mkubwa. Yeye anapokea maziwa kwenye kituo kimoja huko Rungwe, wafugaji kama 60 wanaleta asubuhi na jioni, kila mmoja anapimiwa lita, yanachovywa laktomita kuangalia kama hayajatiwa maji, halafu anaandikwa kwenye daftari, na daftari likinyeshewa ndo basi tena, na mvua ya Rungwe wanaoijua wanaijua. Nikatengeneza skrini moja tu: sehemu ya namba ya mfugaji, sehemu ya lita, sehemu ya laktomita, na kitufe cha Hifadhi. Nyuma yake nikaweka TinyDB, komponenti ya kuhifadhi data ndani ya simu, kwa sababu ndo kitu cha kwanza kila mtu anayejifunza App Inventor anakutana nacho. Bloku zangu zilikuwa hivi: GetValue ya tagi (jina la kuhifadhia) "rekodi" inaleta listi, add items to list inaongeza mstari mpya, StoreValue inarudisha listi nzima kwenye tagi ileile. Ilifanya kazi vizuri kabisa siku ya majaribio. Baada ya wiki kadhaa mama mkubwa akanipigia, "mwanangu hii kitu inanichelewesha, watu wamepanga foleni na madumu yao na simu inazunguka tu."

Sasa ngoja nieleze kwa nini, maana ukielewa hapa mengine yote yanakuja yenyewe. TinyDB kwenye Android inatumia kitu kinaitwa SharedPreferences, ambacho kwa ndani ni faili la XML, na hilo faili haliongezewi kipande, kila ukihifadhi linaandikwa lote upya. Juu ya hapo listi yako inageuzwa kuwa maandishi ya JSON wakati wa kuhifadhi na kurudishwa kuwa listi wakati wa kusoma. Yaani ni sawa na kila mfugaji akifika ununue daftari jipya, unakili mistari yote ya tangu tarehe 1, halafu ndo uandike wa kwake chini kabisa.

Hebu tupige hesabu. Mstari mmoja wa maziwa uko hivi:

"2024-05-14 06:42","W017","6.5","1.029"

Ukihesabu na alama za nukuu, mikato na alama ya kushuka mstari, ni herufi 40, basi sema baiti 40. Wafugaji 60 mara mbili kwa siku ni mistari 120, kwa siku 30 ni mistari 3,600. Faili lote la mwezi ni baiti 144,000, hakuna kitu, picha moja ya simu inazidi hapo mara nyingi. Lakini ukiandika upya kila mara, mstari wa kwanza unaandika 1, wa pili unaandika 2, wa tatu 3, mpaka wa 3,600 unaandika yote 3,600, ukijumlisha unapata mistari 6,481,800, zidisha kwa 40 ni baiti 259,272,000. Megabaiti 259 zimeandikwa ili kuhifadhi kilobaiti 144! Na hapo sijahesabu kusoma, kwa sababu kila mara ulikuwa unaisoma yote kwanza.

Dawa ni komponenti ya File, iko kwenye droo ya Storage, na bloku yake ya AppendToFile. Hii inafungua faili, inaenda mwisho, inaandika ulichompa, inafunga. Vya zamani haivigusi. Na kama faili halipo inalitengeneza yenyewe, kwa hiyo huna haja ya kuanza na bloku ya kuunda faili. Mistari 10 au mistari elfu 10, kazi ya kuongeza mmoja ni ileile.

Jinsi ya kupanga. Kwenye When Kitufe_Hifadhi.Click unaanza na make a list yenye vitu vinne: muda, namba ya mfugaji, lita, laktomita. Muda unautoa kwenye komponenti ya Clock, bloku ya FormatDateTime, unaipa Clock.Now na patani yyyy-MM-dd HH:mm. Hapa uwe makini sana na herufi kubwa na ndogo, MM ni mwezi na mm ni dakika, HH ni saa 24 na hh ni saa 12. Nimeona app ya mtu ambayo kila rekodi ilikuwa na mwezi wa 42, kumbe ameweka mm pale mbele. Halafu usihangaike kubadilisha iwe saa za Kiswahili kwenye faili, mama mkubwa anasema saa kumi na mbili na dakika arobaini na mbili, faili linaandika 06:42, liache hivyo hivyo kwa sababu tarehe inayoanza na mwaka na saa za 24 zinajipanga zenyewe ukisoti. Kama unataka saa za Kiswahili waonyeshe kwenye lebo ya skrini tu.

Hiyo listi unaipitisha kwenye list to csv row, CSV ikiwa ni maandishi ya jedwali ambayo safu zake zinatenganishwa kwa mikato. Watu wengi wanairuka hii, wanatumia join na kuweka mikato wenyewe, usifanye hivyo. List to csv row inaweka kila kitu ndani ya alama za nukuu, kwa hiyo mtu akiandika jina lenye mkato ndani yake, au akiandika lita kama 6,5 badala ya 6.5, safu zako hazihami. Ukiunga kwa mkono, mkato mmoja tu unasukuma kila kitu upande wa kulia na utakuja kugundua mwisho wa mwezi wakati wa malipo, muda mbaya kuliko yote.

Sasa sikiliza hapa maana ndo kosa linalowapata karibu wote: list to csv row haiweki alama ya kushuka mstari mwishoni. Ukiipeleka moja kwa moja kwenye AppendToFile, mstari wa pili utagandana na wa kwanza, utapata kitu kama "1.029""2024-05-14 06:45" mfululizo bila kupumua. Kwa hiyo chukua join, juu weka ile list to csv row, chini weka bloku ya maandishi tupu umeandika \n ndani yake, ndo unapeleka kwenye text ya AppendToFile. Iweke mwishoni mwa mstari siku zote, siyo mwanzoni, na usichanganye, bloku moja ikiweka mwanzoni na nyingine mwishoni utapata mistari mitupu katikati ya faili.

Jina la faili usiliandike la kudumu kama maziwa.csv. Tengeneza kwa join: "maziwa-", kisha FormatDateTime ya patani yyyy-MM, kisha ".csv". Mwezi wa 5 unapata maziwa-2024-05.csv, tarehe 1 ya mwezi wa 6 AppendToFile inajitengenezea faili jipya bila wewe kugusa kitu. Hii inasaidia kwa sababu kuongeza ni rahisi kwa faili la ukubwa wowote lakini kusoma siyo, siku ukitaka kuonyesha ripoti utasoma mwezi mmoja tu badala ya miaka miwili yote. Weka hiyo join ndani ya procedure yenye kurudisha jibu, mimi niliiita jinaLaFaili, ili sehemu zote za app ziite palepale, vinginevyo siku moja utakosea kistari kimoja na data itagawanyika kwenye mafaili mawili.

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui, AppendToFile haimalizi kazi papo hapo. Inaitwa, inaenda kuandika pembeni, bloku zinazofuata zinaendelea. Ikimaliza ndo tukio la AfterFileSaved linatokea. Kwa hiyo ukiweka AppendToFile na chini yake tu ReadFrom (bloku ya kusoma faili) ukitegemea kuuona mstari mpya, mara utauona mara hutauona, na utapoteza jioni nzima ukitafuta kosa lisiloonekana. Mpangilio salama ni huu: Click inazima kitufe, yaani Enabled iwe false, inaita AppendToFile, basi inaishia hapo. Ndani ya AfterFileSaved ndo unasafisha zile sehemu za kuandikia, unaonyesha "Imehifadhiwa", unawasha kitufe tena. Kuzima kitufe kunasaidia pia kwa mtu mwenye haraka, maana mama mkubwa alikuwa akiona simu kimya anabonyeza tena na tena, mfugaji mmoja anaingia mara tatu. Na kwenye tukio la Screen1.ErrorOccurred kiwashe kitufe pia na uonyeshe ujumbe, la sivyo kosa likitokea kitufe kitabaki kimezimwa na mtu atadhani app imekufa.

Kwa sababu hiyohiyo ya kuandika pembeni, usiweke AppendToFile ndani ya for each, bloku inayorudia kazi kwa kila kitu cha listi. Kila mwito unafungua faili na kulifunga, na miito 20 iliyoachiwa kwa pamoja inaweza kupishana njiani ukakuta mstari wa 7 uko juu ya wa 5. Kama una mistari 20 ya kuandika, iunge kwanza yote kuwa maandishi mamoja halafu ita AppendToFile mara moja. Na kuunga kwenyewe kuna namna. Ukifanya set global maandishi to join ya global maandishi na mstari mpya, umerudi palepale pa daftari jipya, safari hii ndani ya memori, kwa sababu maandishi hayaongezewi, yananakiliwa yote kwenye maandishi mapya. Badala yake weka mistari kwenye listi kwa add items to list, hiyo inaongeza kwenye listi ileile bila kuinakili, mwisho ndo unatumia join items using separator na separator ikiwa \n, na unaongezea \n moja ya kumalizia.

Hii ya kukusanya kwenye listi inahitajika zaidi ukiwa na data inayokuja kwa kasi, mfano unasoma AccelerometerSensor, kihisi cha mtikisiko wa simu, ambayo inatoa namba mara nyingi kwa sekunde, au una kifaa cha joto kinachotuma kwa Bluetooth kila sekunde. Hapo kufungua faili kila sekunde siyo busara, kusanya mistari 30 halafu andika kwa mkupuo. Ila kuna mtego hapa na naomba usome taratibu. Watu wanaita AppendToFile, halafu ndani ya AfterFileSaved ndo wanaifanya listi iwe tupu. Sasa kati ya kuita na kumaliza, kihisi kimeshaongeza mistari mingine miwili kwenye listi ileile, AfterFileSaved inakuja inafuta yote, ile miwili imepotea na hakuna atakayejua. Fanya kinyume: kwanza tengeneza maandishi na uyaweke kwenye local variable, papo hapo ifanye listi iwe create empty list, ndo uite AppendToFile kwa kutumia ile local. Na kwenye Screen1.BackPressed andika kilichobaki kabla ya kufunga app. Kwa kazi ya maziwa mimi sikutumia kukusanya kabisa, kila mfugaji anaandikwa palepale, maana mstari mmoja kila dakika siyo mzigo na simu ikizima chaji kilicho hatarini ni mstari wa mwisho tu. Ukikusanya 30 na simu ikazima, umepoteza 30. Hiyo ni pesa ya watu, siwezi kuichezea ili nipate kasi nisiyoihitaji.

TinyDB usiitupe, ipe kazi yake. Jumla ya lita za leo inayoonekana juu ya skrini, usiipate kwa kusoma faili zima kila ukihifadhi. Weka global lita_leo, kila AfterFileSaved jumlisha, na hiyo namba moja ihifadhi kwenye TinyDB pamoja na tarehe yake, app ikifunguliwa soma hizo tagi mbili, kama tarehe siyo ya leo anza na 0. Namba moja kwenye TinyDB ni nyepesi, shida ilikuwa listi inayokua.

Sasa swali linalokuja mara zote: nikikosea nitarekebishaje wakati AppendToFile inaongeza mwisho tu? Usirudi nyuma kurekebisha. Siku moja mama mkubwa alisahau nukta akaandika 65 badala ya 6.5. Dawa yake ni kuandika mstari mwingine wenye W017 na -65, laktomita ikiwa tupu, halafu mstari wa tatu wenye 6.5 sahihi. Ukijumlisha W017 unapata 6.5, na kosa na marekebisho vyote vinaonekana na saa zake, mfugaji akija kuuliza unamwonyesha. Wahasibu wanafanya hivi tangu zamani, kwenye leja hafutwi mtu. Mimi nimeweka kitufe cha Tengua kinachokumbuka mstari wa mwisho kwenye global na kuandika ule wa hasi chenyewe, ili asihangaike kuandika alama ya kutoa.

Kama unataka faili liwe na kichwa juu, yaani muda, namba, lita, laktomita, kitaandikwa mara moja tu faili linapozaliwa. Tumia bloku ya Exists ya File, kama jibu ni false basi ile text ya AppendToFile iwe kichwa pamoja na mstari wa kwanza kwa mwito mmoja. Usiite mara mbili, nimeshasema miito inaweza kupishana na kichwa kikawa mstari wa pili.

Mwenye data nyingi tayari kwenye TinyDB anahamisha hivi, mara moja tu: GetValue ya listi ya zamani, for each kila kitu kipitishe list to csv row na uongeze kwenye listi mpya, nje ya for each ziunge zote kwa \n na \n moja ya kumalizia, AppendToFile moja. Ndani ya AfterFileSaved usifute ya zamani haraka, soma faili kwanza kwa ReadFrom, ndani ya tukio la GotText ligawe kwa split at \n uhesabu mistari, kama ile \n ya mwisho imekupa kipande kimoja kitupu toa 1, ikilingana na length of list ya zamani ndo uite ClearTag.

Kuhusu faili linakaa wapi. Ukiacha Scope ya File (mpangilio wa eneo la kuhifadhia) kwenye App, faili linakaa kwenye folda ya app yenyewe, huhitaji kuomba ruhusa, lakini ukiondoa app faili linaondoka nalo. Zile njia za zamani za kuandika popote kwenye kadi kwa kuanza jina na mkwaju (/) zimebanwa sana na Android mpya, kwa hiyo mafundisho ya zamani yanayokuambia hivyo yatakupa makosa kwenye simu za sasa. Na ukijaribu kwa Companion, ile app ya kujaribia kazi yako kwenye simu kabla ya kuiinstoli, faili linaandikwa kwenye eneo la Companion, ukishatengeneza APK (faili la kuinstoli app) na kuiinstoli utaanza na faili tupu, usishtuke ukadhani data imepotea. Vilevile usimwachie mtu afanye kazi ya kweli kwenye Companion hata wiki moja.

Kwa sababu hiyo weka kitufe cha Tuma mapema, siyo baadaye. File.MakeFullPath inakupa njia kamili ya faili, unaipeleka kwenye Sharing.ShareFile, linafunguka dirisha la kuchagua WhatsApp au barua pepe. Mama mkubwa anatuma kila Jumapili jioni baada ya maziwa ya mwisho, mimi nafungua kwenye kompyuta, linasomeka kama jedwali la kawaida.

Na kama unataka kupima mwenyewe kwenye simu yako, weka Clock.SystemTime kwenye global kabla ya kuita AppendToFile, toa kwenye SystemTime ya ndani ya AfterFileSaved, unapata milisekunde, ionyeshe kwenye lebo. Jaribu faili likiwa na mistari 10, halafu jaza mistari ya uongo mpaka 5,000 upime tena, halafu fanya hivyo hivyo kwa ile njia ya TinyDB. Pima kwenye simu ya atakayeitumia, ile yenye skrini imepasuka na memori imejaa, siyo kwenye simu yako nzuri.